Kabambare hadi Baraka: hija ya karibu, njia ndefu

Kwenye ramani, Kabambare na Baraka ni majirani. Mstari ulionyooka kutoka Kabambare-centre hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika haufiki kilomita 200. Kutoka Kasongo ni karibu kilomita 270. Ila hakuna pikipiki inayofuata mstari ulionyooka, na mtu wa Wamaza au wa Kabambare anayesema anakwenda ziwani huulizwa kwanza anapitia wapi, kisha anakwenda na nani. Anakwenda kufanya nini ni swali la mwisho.

Tangu tarehe 18 Agosti 2024 swali hilo la mwisho limepata jibu jipya. Siku hiyo, ambayo ilikuwa Jumapili, Kardinali Fridolin Ambongo, Askofu mkuu wa Kinshasa, aliongoza misa kule Uvira kwa niaba ya Papa Fransisko, na watu wanne waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964 wakatangazwa Wenyeheri. Watatu ni wamisionari wa Shirika la Waksaveri kutoka Italia: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne ni padri Mkongomani, Abbé Albert Joubert, aliyezaliwa Saint-Louis de Mrumbi, upande wa Moba.

Tarehe 28 Novemba 2025 ilitimia miaka 61 tangu wauawe. Kwa wakristu wa kusini mwa Maniema, hapa ndipo mahali pa wafiadini palipo karibu zaidi na nyumbani. Wanaotaka kwenda wana jambo moja zito la kuamua kabla ya kuhesabu hata franga moja: waende Novemba, au wangoje Agosti.

Kwanza, kwa nini Baraka na si kwingine. Zamani, muumini wa Kasongo aliyepata bahati ya kwenda hija mbali alifikiria Namugongo, Uganda, ambako Mashahidi wa Uganda wanakumbukwa tarehe 3 Juni, au Kibeho, Rwanda, ambako wasichana wa shule walisema walimwona Bikira Maria kuanzia tarehe 28 Novemba 1981. Angalia tarehe hiyo: siku ya Kibeho na siku ya wafiadini wa Fizi ni moja, miaka 17 kati yao. Leo njia ya Kibeho ni ngumu sana kwa mtu wa Maniema. Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23 tangu Februari 2025, na anayefikiria kuzungukia Bujumbura anakuta Burundi imefunga mipaka yake na Rwanda tangu Januari 2024. Namugongo inadai pasi ya kusafiria, na kwa mkulima wa mpunga wa Kabambare kitabu hicho peke yake kinaweza kumaliza akiba ya msimu mzima. Kwenda Baraka hakuhitaji pasi. Karti ya uchaguzi inatosha.

Halafu kuna undugu. Wilaya ya Kabambare na ile ya Fizi zinapakana. Wabangubangu na Wabuyu wa upande huu wameoana na Wabembe wa upande ule, na soko la dhahabu la Misisi limejaa vijana wa Maniema. Mama wa Kabambare akifika Baraka hahitaji mkalimani: Kiswahili chake kitatambulika kwamba kimetoka magharibi, watamcheka kidogo, kisha watampa kiti.

Njia yenyewe nayo ina historia, na anayepanga safari afadhali aijue kabla ya kupanda pikipiki. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walitoka Nyangwe na Kasongo, mji mkubwa wa Tippu Tip, wakapitishwa Kabambare kuelekea ziwani, wakavushwa hadi Ujiji. David Livingstone alifika hapa mwaka 1869, akakwama miezi mingi kwa ugonjwa wa miguu na kwa kukosa wabebaji. Katika daftari zake anapaita Bambarre. Kwa hiyo kutoka Kabambare kwenda ziwani kwa miguu si jambo jipya. Wengi waliokwenda hivyo walikuwa na kamba shingoni.

Hapo ndipo jina la Joubert linapoingia. Baba yake Abbé Albert alikuwa Mfaransa, Kapiteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa jeshi la Papa. Alikuja Tanganyika kuwasaidia Mapadri Weupe, akakaa Mpala kisha Mrumbi, na kwa miaka akapigana na watu wa Rumaliza, bwana wa Ujiji, waliokuwa wakiteka watu kwenye mwambao wa magharibi wa ziwa. Alimwoa Agnes Atakaye, binti wa huku, mwaka 1888, na hakurudi tena Ulaya. Alifariki mwaka 1927. Mtoto wao Albert alizaliwa mwaka 1908 na kupewa upadri mwaka 1935. Mhujaji anayetoka Kasongo kwenda Fizi anatoka katika mji ulioendesha misafara, anakwenda mahali alipouawa mtoto wa mtu aliyeizuia. Jambo hili husahaulika, labda kwa sababu watu wakizungumzia wafiadini wa Fizi husema haraka “wale Waitalia”.

Mambo ya mwaka 1964 yenyewe wazee wa Kabambare wanayajua kwa jina moja: wakati wa Simba. Uasi ulianza Kivu, waasi wakaingia Uvira mwezi wa Mei, wakashika Kindu mwezi wa Julai na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti. Mmoja wa wakubwa wao, Gaston Soumialot, alikuwa mtoto wa Maniema. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville na ndege za Marekani, na katika siku zilizofuata hasira ya waasi iliwaangukia wageni na watu wa Kanisa sehemu nyingi za mashariki. Sista Anuarite aliuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Baraka na Fizi zilitangulia kwa siku tatu.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mchana, gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Kamanda alimwamuru Bruda Faccin apande. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Aliposikia mlio alitoka. Naye aliamriwa apande. Akajibu kwamba ikiwa ni kufa, anataka kufa pamoja na ndugu yake, akapiga magoti karibu na maiti, akauawa hapo hapo. Mmoja alikuwa na miaka 30, mwingine 31. Jioni gari lile lile likapanda mlima kwenda Fizi. Padri Didonè, paroko, mwenye miaka 34, alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akapigwa risasi. Abbé Joubert, mwenye miaka 56, aliuawa pamoja naye.

Habari zao zinazungumza pia juu ya uamuzi wa kubaki. Hatari waliiona ikija, wakabaki na waumini. Kwa mtu wa Kabambare ambaye mwenyewe amekimbia kijiji mara mbili, tatu, akirudi kila mara kupanda mpunga, habari hiyo haihitaji mahubiri marefu.

Tukirudi kwenye tarehe. Novemba ina uzito wake: ndiyo siku yenyewe ya kifo, na mwaka 2025 iliangukia Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, karibu sawa na mwaka ule. Anayetaka kusimama Baraka saa ile ile ya mchana hana siku nyingine. Lakini Novemba kusini mwa Maniema ni katikati ya masika. Luama, mto unaoshuka kutoka milima ya magharibi ya ziwa na kukata wilaya ya Kabambare kwenda kujimwaga Lualaba, unajaa, na vijito vyake vinavyovukwa Agosti kwa kukunja suruali vinakuwa mito ya kweli. Madaraja ya miti huondoka usiku mmoja. Pikipiki inayobeba abiria wawili na mizigo wakati wa kiangazi inabeba mmoja, na yeye pia anashuka kila kilima kuisukuma. Safari ya siku mbili inaweza kuwa ya tano. Na shamba halingoji: Novemba ni wakati wa kupalilia, na familia inayotoa mtu mzima kwa wiki mbili italipa wakati wa mavuno.

Agosti ni kinyume chake. Barabara ni vumbi, lakini inapitika. Mpunga wa msimu uliopita umeshauzwa, mashamba mapya yanasafishwa na kuchomwa, shule ziko likizo hadi mwanzo wa Septemba, na vijana wanaweza kwenda bila kukosa darasa. Tarehe 18 Agosti, kumbukumbu ya siku ya Uvira, haina machozi ya tarehe 28 Novemba, ila ina sherehe yake. Kwa kundi lenye wazee, wanawake wenye watoto au mtu yeyote asiyeweza kulala porini, kusema kweli hakuna mjadala: ni Agosti.

Wapo watakaochagua Novemba hata hivyo, na hao wana haki yao. Wajue tu kwamba wanahitaji siku nyingi zaidi, kundi dogo zaidi na akiba kubwa zaidi.

Njia sasa. Kutoka Kasongo, msafiri huingia wilaya ya Kabambare na kuelekea mashariki hadi upande wa Lulimba, ndani ya Fizi. Kutoka hapo anashika barabara inayotoka Misisi na kupanda Fizi-centre, kisha anateremka Baraka. Kati ya Fizi na Baraka ni chini ya kilomita 50, lakini ndizo kilomita zinazobadilisha kila kitu: unatoka milimani kwenye baridi ya asubuhi, unashuka, na ghafula ziwa liko mbele yako na rasi ya Ubwari imelala juu ya maji kama mtu aliyejifunika blanketi. Waliokulia Maniema kati ya misitu na mito hawajazoea kuona maji yasiyo na ng'ambo ya karibu.

Madereva wa pikipiki wengi hawaendi njia nzima. Kila mmoja ana eneo analolijua, na analijua si kwa mashimo tu, bali kwa watu walio kwenye barieri. Ndiyo sababu bei ya safari haiulizwi mara moja pale Kabambare na kuisha. Inaulizwa kipande kwa kipande: hadi wapi, nani analipa mafuta, nani analipa barieri, na pikipiki ikiharibika njiani abiria anarudishiwa nini. Makubaliano yasemwe mbele ya mtu wa tatu. Kundi linalolipa fedha yote mwanzoni kwa dereva mmoja aliyeahidi kulifikisha hadi ziwani linajitafutia maneno.

Usalama ndio unaoweza kuvunja mpango wote, na ni vizuri kuusema bila kuzunguka. Upande wa Salamabila, penye mgodi wa dhahabu wa Namoya, umeona kwa miaka mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai Malaika, na wakaaji wake wamekimbia na kurudi mara nyingi. Upande wa Fizi ni nchi ya Yakutumba na makundi mengine ambayo leo yanajiita Wazalendo. Vita vya milima ya juu vinashuka na kupanda. Barabara iliyokuwa tulivu Jumatatu inaweza kufungwa Alhamisi kwa sababu ya watu wawili waliogombana juu ya kodi ya barieri.

Kwa hiyo hija hii haipangwi kwa tarehe moja iliyochongwa kwenye jiwe. Inapangwa kwa tarehe na swali: wiki ya kuondoka, nani ametoka upande ule na anasema nini? Wanaojua ni wachuuzi wa ndagala na mawese, madereva wenyewe, mapadri wanaopigiana simu kutoka parokia hadi parokia, na redio za jamii. Mtu mmoja hatoshi. Dereva anataka kazi, kwa hiyo atasema njia ni nzuri. Mwenye duka anaogopa kupoteza mteja, atasema ni mbaya. Wawili wasiojuana wakisema jambo moja, hapo mtu anaweza kuanza kufunga mzigo. Na kundi likubaliane tangu nyumbani nani mwenye neno la mwisho wa kusema “turudi”. Wengi wamepata taabu njiani kwa sababu kila mtu aliona aibu kulisema yeye wa kwanza.

Karatasi zinazohitajika si nyingi. Karti ya uchaguzi kwa kila mtu mzima, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine. Barua ya paroko yenye majina ya wote, idadi yao, wanatoka wapi, wanakwenda wapi na watarudi lini, ikiwa na muhuri. Barua hiyo iandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa sababu kwenye barieri atakayeisoma anaweza kuwa afisa wa FARDC au kijana wa kijiji mwenye bunduki, na wote wawili wanapenda kusoma wenyewe. Nakala nyingine itangulie kwa paroko wa Baraka na wa Fizi. Hizo ni parokia za diosezi ya Uvira, si za Kasongo, na mgeni anayetoka diosezi nyingine bila kutangaza huwapa wenyeji kazi ya kumtafutia mahali usiku.

Kuna sababu nyingine ya barua. Kundi la watu wasiojulikana, wanaume kwa wanawake, wakipita karibu na Misisi na mifuko mgongoni, huonwa kuwa wachimbaji wa dhahabu au wanunuzi wake, na mnunuzi wa dhahabu ana pesa. Afadhali ijulikane mapema kwamba hawa ni watu wa rozari. Kwa sababu hiyo hiyo simu ikae mfukoni: hakuna picha ya barieri, ya askari, ya machimbo. Picha zitapigwa Baraka.

Juu ya fedha, mashirika ya parokia yana mazoea mazuri ambayo hayahitaji kubuniwa upya. Kikundi cha AVEC au likelemba ambacho hugawana akiba mwisho wa mzunguko kinaweza kupanga mzunguko uishe Julai. Wengine wataweka kando gunia moja la mpunga kila familia, waliuze bei ikipanda badala ya kuliuza wakati wa mavuno, ambapo kila mtu anauza na mnunuzi anatamba. Bajeti ihesabu kwenda na kurudi, barieri, chakula cha siku za safari pamoja na siku tatu za ziada, dawa, sadaka, na fedha ya dharura ambayo haiguswi na anayeishika asiwe yule anayeshika fedha nyingine. Pesa nyingi zisibebwe mkononi. Penye mtandao, ziwekwe kwenye simu na zitolewe Baraka. Na kwa kuwa mtandao hukatika, zisiwekwe zote kwenye simu moja wala kampuni moja.

Katika familia nyingi za Kasongo na Kabambare baba ni Mwislamu na shangazi ni Mkatoliki, au kinyume. Maniema ina Waislamu wengi kuliko jimbo lolote la Kongo, na hakuna anayeshangaa jirani wa msikitini akichangia nauli ya jirani wa kanisani. Neno hija wote wanalielewa. Hakuna sababu ya kuficha safari hii kwa majirani, na kuna sababu nzuri ya kuwaambia: wao ndio watakaoangalia mbuzi.

Afya haina maneno mengi. Baraka, Fizi na Uvira ni nchi ya kipindupindu tangu miaka mingi, na maji ya ziwa yanayoonekana safi ndiyo yanayodanganya watu wa bara. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni, pakiti za chumvi na sukari za kutia katika maji ziwe ndani ya mzigo wa kila mtu. Chandarua ni lazima. Wanawake wasitembee wawili wawili pembeni ya kundi, wala kwenda kuteka maji giza likiingia. Kila mtu anajua kwa nini. Plastiki ya kujifunika mvua ichukuliwe hata Agosti.

Na ukifika? Wapo wanaotazamia basilika. Baraka si Namugongo. Ni mji wa biashara na uvuvi, wenye joto, pikipiki nyingi, wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania na wengine waliokimbia kutoka milimani. Misioni ni misioni kama nyingine, yenye watoto wanaocheza mpira na mama wanaofagia. Mahali pa kifo ni pale pale watu wanapopita kwenda misa. Mhujaji anayetafuta kitu cha kushangaza macho atavunjika moyo nusu saa ya kwanza. Anayebaki siku nzima, akasali, akakaa kivulini na wazee wa Baraka na kuwasikiliza, atarudi na kitu kingine.

Na hapo panahitajika adabu. Katika Fizi na katika Kabambare, wajukuu wa wale waliokuwa Simba na wajukuu wa wale waliozikwa na Simba wanakaa mtaa mmoja, na mara nyingine nyumba moja. Wapo wazee ambao waliingia uasi wakiwa watoto, wakapewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakaambiwa wakimbie mbele. Baada yao milima hiyo ilimpokea Che Guevara mwaka 1965 na ikamficha Laurent-Désiré Kabila kwa miaka mingi. Kwa wengine huko historia hiyo ni ya fahari. Mgeni haanzi kwa kuuliza nani aliua. Anasalimia, anakaa, anakula anachopewa. Mambo mengine, kama yatasemwa, yatasemwa na wenyewe siku ya pili.

Ikiwa njia ya mashariki itakataa kabisa, kusini mwa Maniema hakujafungiwa mlango. Kongolo, kusini mwa Kasongo, ndiko wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu walikouawa na wanajeshi tarehe 1 Januari 1962. Hawajatangazwa Wenyeheri, lakini kumbukumbu yao ipo. Na Kasongo yenyewe, misioni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, ilikuwa na askofu aliyeitwa Christophe Munzihirwa kabla hajahamishiwa Bukavu na kuuawa huko tarehe 29 Oktoba 1996. Mtu anaweza kufanya hija bila kuvuka Luama. Wengi hawajui kwamba kiti alichokalia Munzihirwa kiko mwendo wa miguu kutoka sokoni kwao.

Kwa watakaongoja Agosti, kalenda ya mwaka 2026 imewapendelea. Tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ni Jumamosi. Kesho yake ni Jumapili. Tarehe 18 ni Jumanne. Kundi linaloweza kuwa Baraka Ijumaa jioni lina misa mbili mfululizo pale pale, Jumatatu ya kupanda Fizi polepole, na Jumanne ya kusali mbele ya mlango aliofungua Padri Didonè, kabla ya kushika njia ya Lulimba kurudi nyumbani. Hiyo ina maana ya kuondoka Kasongo kabla ya tarehe 8, na Kabambare tarehe 10 au 11. Barua za maparoko zianze kuandikwa baada ya Pasaka. Na nafasi iachwe kwenye mizigo ya kurudia: hakuna aliyetoka ziwani akapokelewa vizuri nyumbani bila ndagala.